Mkanda wa Mwaka wa Kwanza

Ukitaka kuona mwanamume mzima, mwenye kitambi na leseni ya magari makubwa, akijificha nyuma ya tangi la maji, subiri dada yangu apite kwenye maegesho ya malori na mkasi wake. Nimewaona kwa macho yangu. Mmoja alijifanya amelala kwenye kiti cha dereva, mdomo wazi, na dada akamsubiri pale mlangoni kwa raha zake mpaka jamaa akachoka kukoroma.

Mkasi huo ni wa kukatia mikanda. Dada yangu anashona mikanda ya kuvutia magari yaliyokwama, ile mipana kama kiganja, yenye kitanzi kila upande, na ana sharti moja ambalo hulilegezi kwa maneno matamu wala kwa soda ya baridi. Mkanda ukitimiza miaka mitano unarudi kwake, anaukata vipande mbele yako, na wewe unapewa mwingine kwa nusu bei. Madereva wanaupenda mkanda mpya. Wasichotaka ni kuachana na ule wa zamani. "Mama, huu ulinitoa mtoni nikiwa na mzigo wa saruji," mtu anamwambia huku ameukumbatia, macho yanamlengalenga. Dada anamjibu, "Ndiyo maana nataka upumzike," na mkasi umeshapita. Wengine wanaificha chini ya kiti na kuapa kwamba imeibiwa. Hapo ndipo anapoanza kuwatembelea.

Mimi ni mdogo wake. Ninaziba pancha kwenye kibanda kinachopakana na chumba chake cha kushonea, na kati yetu kuna bati moja tu. Cherehani yake ni ya kushonea maturubai, dude zito la chuma ambalo likianza kazi makopo yangu ya gundi yanacheza kwenye rafu. Nimemlalamikia miaka yote hii na jibu lake ni kwamba nihame. Nihamie wapi? Wateja wananijua hapo, na chai yake ya saa nne sitaipata pengine.

Hakuzaliwa na mikanda. Alikuwa anashona sare za shule, tena vizuri, mpaka siku shemeji yangu, yaani mume wake, alipokwamisha pikapu bondeni. Shemeji ni seremala hodari, ila udereva wake tusiuzungumzie. Bondeni ni pale barabara ya machimbo ya mchanga inaposhuka na kupita kwenye udongo mweusi. Kiangazi unapita ukipiga mluzi. Mvua ikinyesha, udongo ule unashika tairi na hauachii. Basi wakaifunga pikapu kwa kamba ya katani, wakavuta, kamba ikakatika. Ncha yake ilipita sikioni mwa shemeji ikang'oa kioo cha pembeni. Shemeji alicheka. Dada, aliyekuwa amesimama hapo na chakula cha mchana cha mumewe mkononi, hakucheka hata kidogo. Kesho yake alitafuta mkanda wa kufungia mizigo, akaufumua mshono mmoja baada ya mwingine ili aone ulivyotengenezwa. Sare za shule zikaanza kuchelewa, na baada ya miezi michache hazikushonwa tena.

Ukinunua mkanda kwake lazima usikilize somo, hata kama una haraka, hata kama umenunua mara nne. Kwanza unachimba. Nusu saa ya koleo, dakika moja ya kuvuta. Ukigeuza hesabu hiyo usimlaumu mtu. Unafunga kwenye ndoano ya chesi, yaani fremu ya chuma ya chini ya gari, kamwe si kwenye bampa. Hupigi fundo, kwa sababu fundo linaula mkanda taratibu bila wewe kujua. Katikati unauwekea blanketi lililolowa, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka. Watu wote wanasogea mbali, mara mbili ya urefu wa mkanda, na anayepiga kelele za "vuta, vuta!" anafukuzwa. Mimi somo hilo nimelisikia kupitia bati mara nyingi mno, naweza kulisema usingizini, na mke wangu anadai huwa nalisema.

Sasa, msimu huu wa mvua, Jumanne moja asubuhi, walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa madereva, mtu mrefu, mpole, anayezungumza kama anasoma tangazo. Wa pili alikuwa dereva wa lori la mchanga tunayemwita Haraka, na huhitaji kuambiwa kwa nini. Haraka alikuwa amebeba gunia. Akaligeuza, na mkanda uliokatika ukaanguka sakafuni, mweusi kwa tope na oili.

"Mama, mkanda wako ulitaka kuniua," akasema. "Nilikuwa ndani ya lori kule bondeni, navutwa, nasikia paa! Kioo chote cha mbele kikanimwagikia magotini."

"Umeumia?" dada akauliza.

"Sijaumia, lakini mpaka leo nikisikia mlango ukigongwa naruka."

"Pole sana, baba. Kaa." Akampa kigoda, akamletea maji. Ndiyo kwanza akautazama mkanda. "Uliupata wapi?"

Haraka akasema ulikuja na lori. Lori amerithi kwa baba mkwe wake, na mkanda aliukuta chini ya kiti pamoja na jeki mbovu na kofia. Nani kaushona hajui, lakini mikanda ya huku kila mtu anajua anashona nani.

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, nitasema wazi, kwa heshima. Watu wameogopa. Jumamosi saa nne tuna kikao. Kuna wanaotaka tuache mikanda yako kabisa, tununue waya za chuma. Tunakuomba uje utuambie, huu ni wako au si wako."

Walipoondoka nilikuwa nimeshaingia bila hodi. Damu ilinichemka. Waya wa chuma! Waya ukikatika hauchagui kioo wala shingo, na hakuna blanketi litakalouzuia. Nikamwambia dada asihangaike, mjini kuna watu wawili wanaoiga mikanda yake, tutasema ni wa mmoja wao na mambo yaishe. Aliutia mkanda kwenye beseni, akamwaga sabuni ya unga, akausugua kwa brashi ya viatu mpaka maji yakawa kama lami, akayamwaga, akaanza tena.

Ulipotakata tuliona mambo mawili. La kwanza, haukukatikia kwenye mshono. Ulikatika katikati, pale ulipokuwa umepigwa fundo miaka na miaka. La pili, hatukuona lolote la kutuambia nani aliyeushona. Nikafurahi kimyakimya. Dada akachukua wembe, akafumua kitanzi kimoja, kwa sababu ndani ya kitanzi huwa kuna kipande cha kitambaa cha kuzuia chuma kisisage mkanda. Siku hizi anaweka ngozi. Ndani ya kile kitanzi palikuwa na kipande cha kaki, na kwenye kaki palikuwa na tundu la kifungo, tena limekatwa upande.

Dada alishika mdomo. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni na miguu yake ikalowa maji ya beseni.

"Hii kaptula!" akasema. "Nakumbuka hii kaptula! Tundu lilikwenda upande, mwalimu mkuu akairudisha, nikaona nisiitupe. Mdogo wangu, huu nimeshona mimi. Mwaka wa kwanza! Miaka kumi na minane, na bado lilikuwa linavuta mchanga, shetani hili!" Akauinua mbele ya uso wangu nione vizuri. "Tazama mshono. Haujaachia hata uzi mmoja."

Ndiyo kwanza nikaona anavyofurahi, na hilo likaniudhi zaidi. "Vizuri," nikasema. "Sasa kishone tena hicho kitanzi, na Jumamosi useme si wako."

"Ni wangu."

"Nani anajua? Mimi na wewe. Mimi nitasahau."

"Wewe? Wewe ambaye mpaka leo unanisimanga kwa baiskeli niliyokuvunjia ukiwa darasa la tatu?"

"Basi waambie mshono ni mzima. Kilichokatika ni mkanda, si mshono. Hapo hujadanganya."

"Mshono wangu, mkanda wangu. Sitachukua nusu."

Nikamwambia ana kichwa kigumu. Nikamwambia madereva hawataki historia ya kaptula, wanataka kusikia neno moja tu, na neno hilo likiwa "wangu" basi cherehani yake itakaa kimya mwaka mzima. Nikamwambia mengine ambayo sitayaandika hapa. Nikanuna siku zote zilizobaki. Siku ya kwanza nilikataa hata chai, na saa nne na robo nikajuta, lakini nilikuwa nimeshakataa.

Ijumaa mvua ilinyesha kutwa nzima. Jumamosi tulipofika maegesho ya malori hatukukuta kikao, tulikuta watu wanapanda kwenye lori la mwenyekiti. Haraka alikuwa amekwama bondeni, yuleyule, palepale, na lori limejaa mchanga. Nyuma yake yalikuwa yamepanga foleni malori tisa yanayotoka machimbo, na robo ya wajumbe wa kikao walikuwa ndani ya malori hayo. Mwenyekiti akaamua kikao kiwafuate. Tukapanda sote: dada na buti zake za mpira, ndoo yenye mkanda uliokatika, mkanda mpya begani na blanketi chini ya kwapa, shemeji akiwa amebeba makoleo, na mimi nikiwa bado nimenuna.

Bondeni palikuwa kama sokoni. Watu wamekunja suruali, wengine pekupeku, wamesimama kwenye majani kando ya tope. Mwenyekiti aliliacha lori lake pakavu, juu kidogo, akashuka akiwa na waya mpya wa chuma unaong'aa. Akausimamisha ule umati kwa mkono.

"Swali ni moja," akasema. "Mama, huu mkanda uliokatika ni wako au si wako?"

Mimi nilikuwa nyuma yake, mgongoni kabisa, nikinong'ona "si wangu, si wangu" kama anayemtilia mwenzake jibu kwenye mtihani.

"Ni wangu," dada akasema.

Akautoa kwenye ndoo, akaufungua ule mkunjo wa kitanzi, akawaonyesha kaki na tundu lake la upande. "Niliushona miaka kumi na minane iliyopita. Mwaka ule nilishona kumi na mmoja. Wakati huo sikuwa na sharti la miaka mitano, nilikuwa nauza na kusahau. Baadaye nilirudi kuitafuta, nikapata kumi, nikaikata yote. Huu sikuuona. Nilijiambia utakuwa umeoza, nikaacha kuutafuta. Hilo ni kosa langu, wala si la Haraka." Akamgeukia Haraka. "Kioo chako nitalipa mimi. Na unisamehe, baba."

Haraka hakujua aweke wapi mikono yake. Watu wakaanza kuguna, na mmoja nyuma akapaza sauti, "Si amekubali mwenyewe! Tununue waya!" Wengine wakaitikia. Mwenyekiti, kwa upole wake wote, akaanza kuukunjua ule waya.

"Mkivuta kwa huo mimi naondoka," dada akasema, "na nitaomba kila mwenye macho aondoke na mimi. Nipeni mara moja tu. Huu hapa nimeushona mwezi uliopita. Ukikatika, nunueni waya, na mimi cherehani naiuza. Sitashona tena."

Mwenyekiti akatafakari, akasema haya, mara moja. Lakini Haraka akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi sikai tena nyuma ya kile kioo. Niueni hapahapa."

"Basi nani atashika usukani?" mwenyekiti akauliza.

Madereva wote hao, watu wanaoshuka milima bila breki na kusimulia wakicheka, wakaanza kuchunguza viatu vyao. Dada hajui kuendesha. Shemeji, Mungu ambariki, alinyoosha mkono, na umati mzima ukasema "Hapana!" kwa sauti moja. Dada hakunitazama. Alikuwa anainama kuokota koleo.

"Nitashika mimi," nikasema, maana malori ya wateja huwa nayasogeza mwenyewe pale kibandani. Sijui nani alishangaa zaidi, wao au mimi.

Kwanza tulichimba. Dada aliwagawia makoleo kama mwalimu wa zamu, na mwenyekiti mwenyewe akapewa gurudumu la nyuma. Dada akaagiza nusu ya mchanga ishushwe, Haraka akapiga yowe kama ananyang'anywa mtoto, kisha mchanga huohuo tukaumwaga kwenye mifereji mbele ya tairi mpaka ikajaa. Watu walianza kutaniana. Shemeji aliteleza akakaa chini kwenye tope, taratibu kabisa, na jasho letu lote likaisha kwa kicheko. Dada akafunga mkanda mwenyewe, kitanzi kimoja kwenye ndoano ya chesi ya Haraka na kingine kwenye lori la mwenyekiti. Akalichovya blanketi kwenye dimbwi, akalitandika katikati. Akawasogeza watu mbali, akahesabu hatua kwa miguu yake.

Nikapanda. Kioo cha mbele kilikuwa kipya, bado kina alama ya kidole cha fundi. Mbele yangu mkanda ulilala kwenye tope, ukaenda moja kwa moja hadi nyuma ya lori la mwenyekiti. Nikawasha, nikatia gia ya kwanza. Dada alikuwa pembeni, peke yake, mkono juu. Akaushusha.

Lori la mwenyekiti likasogea polepole. Mkanda ukanyanyuka kutoka kwenye tope, ukanyooka, na nikaona maji yakichuruzika kutoka ndani yake. Ulikuwa unanielekea usoni. Kama ungekatika, uso huo ndio ungekuwa wa kwanza kupata habari. Nikangoja woga uje. Nilikuwa nimejiandaa kuupokea kabisa, nimekaza meno, nimejikaza kisabuni. Haukuja. Nilikuwa nimekaa pale nimetulia kama niko kibandani kwangu, na katikati ya zile sekunde nikaelewa sababu, na nikaona aibu, na furaha ikanijaa palepale na ile aibu. Kama dada angeukana ule mkanda mkuukuu mbele za watu, kama nilivyombembeleza, nisingekaa mbele ya huu mpya hata kwa kulipwa. Ningejuaje ni upi wa kuamini?

Lori likatikisika, likaguna, likazama kidogo, halafu tairi za nyuma zikaukamata ule mchanga. Nikaachia klachi. Tukapanda. Tope likatuachia kwa sauti ya busu kubwa, na malori tisa nyuma yangu yakapiga honi kwa pamoja, moja likiwa na ile honi ya muziki ambayo siku zote naichukia. Siku ile niliipenda. Nilifika pakavu, nikapitiliza, nikaendelea kuendesha bila sababu yoyote mpaka nikamwona mwenyekiti mbele yangu ametoa mkono dirishani akinipungia nisimame, maana mkanda ulikuwa umelegea na mimi nilikuwa nakaribia kumgonga.

Huko chini watu walikuwa wanarukaruka kwenye tope. Haraka alikuwa amemshika dada mikono yote na kumzungusha, na shemeji, mweusi kutoka kiunoni hadi kwenye visigino, alikuwa anapiga makofi akidai zamu yake. Mwenyekiti aliutupa ule waya wake nyuma ya lori, akatangaza kwa sauti ya tangazo kwamba kikao kimefungwa, na kwamba hataki kusikia tena habari za waya.

Dada alipanda hadi nilipo, akihema, akashika mlango wa lori. Tope lilikuwa limemfika kwenye nyusi. Sikuwa nimezungumza naye vizuri tangu Jumanne.

"Dada," nikasema, "ungeukana ule, nisingepanda."

"Najua," akasema. "Na mimi nisingekuacha upande."

Akaupangusa uso wake kwa kiganja, akaniambia nilichelewa mno kuachia klachi, kisha akaniambia niliondoe lori njiani, wenzangu tisa wanataka kupita.